Zinawaka kwenye chupa, zinazima kwenye seli: kutafuta hitilafu za chembe nano zinazotoa mwanga

Chembe nano nyingi zenye mwanga mzuri huzaliwa kwenye mafuta. Nukta za kwanta, yaani chembe ndogo mno za nusu-kipitishi ambazo rangi ya mwanga wake hutegemea ukubwa, hupikwa ndani ya vimiminiko vya moto visivyopatana na maji, kwa nyuzijoto 200 na zaidi, na hutoka humo zikiwa zimezungukwa na minyororo mirefu ya asidi ya oleiki au jamaa zake. Moungi Bawendi na wenzake walichapisha njia hiyo mwaka 1993, na ni sehemu ya kazi iliyompa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2023 pamoja na Louis Brus na Alexei Ekimov. Mwaka 1998 makundi mawili ya watafiti nchini Marekani yalionyesha kwamba nukta hizo zikibadilishwa uso zinaweza kukaa majini na kutiwa kwenye seli kama alama. Tangu hapo kazi kubwa imekuwa juu ya uso huo.

Ndiyo maana mwanga unapopotea, ushauri wangu ni usikimbilie kupika chembe upya. Kiini mara nyingi ni kizima. Kilichoharibika ni ganda linalofunika kiini, au ligandi (molekuli zinazoshika uso kwa nje, kama hiyo minyororo ya oleiki), au kimiminiko ulichozitia, au kipimo chenyewe kinakudanganya. Chukua sampuli ndogo kutoka kila hatua: kwenye kimiminiko asilia, kwenye maji safi, kwenye bafa (maji yenye chumvi zinazodumisha pH), kwenye bafa yenye seramu, kisha kwenye seli. Pima mwanga na ukubwa kwa kila moja. Hatua ambayo namba zinaporomoka ndiyo yenye hitilafu, na utakuwa umeokoa kazi nyingi ya kubahatisha.

Kwanza, je, unachokiona ni mwanga wa chembe?

Sampuli hafifu hudanganya sana. Ukimulika maji kwa nanomita 350 utapata kilele kidogo karibu na nanomita 397, hata kama hakuna chembe hata moja ndani. Hicho ni kilele cha Raman, yaani mwanga uliotawanywa na molekuli za maji yenyewe. Kukigundua ni rahisi: sogeza wimbi la kumulikia, nacho kitasogea. Kilele kingine cha bandia hutokea kwenye wimbi maradufu ya lile la kumulikia, yaani 700 ukimulika kwa 350, kwa sababu kipasua mwanga cha mashine hupitisha pia mpangilio wa pili wa mwanga huo wa kumulikia. Kichujio kinachozuia mwanga wa kumulikia kisiingie kwenye kipokezi hukifuta.

Sampuli nzito nayo ina ujanja wake. Chembe zikiwa nyingi mno hujimezea mwanga wa kumulikia karibu na ukuta wa chupa na hata kumeza mwanga zinaoutoa. Matokeo yake ukizidisha chembe mwanga unapungua, na kilele kinasogea upande wa wekundu. Usimwite mtu kuja kuona ugunduzi huo. Punguza ukali mpaka ufyonzaji uwe chini ya 0.1 kwenye wimbi unalomulikia, kisha pima tena.

Kwa nukta za kaboni (chembe nano za kaboni zinazowaka) kuna swali la ziada, nalo ni gumu zaidi. Ukichemsha asidi ya sitriki na ethilinidiamini, pamoja na nukta utapata molekuli ndogo zenye mwanga mkali wa bluu. Watu wengi hupima mwanga wa molekuli hizo wakidhani ni wa nukta. Tia sampuli kwenye mfuko wa dayalisisi, unaopitisha molekuli ndogo tu, badilisha maji ya nje mara kadhaa, kisha linganisha ndani na nje. Maji ya nje yakiwaka kuliko yaliyobaki mfukoni, bado huna nukta za kutia kwenye seli.

Mwanga umeshuka mara tu chembe zilipoingia majini

Hapa pana mambo mengi, na umbo la spektra (mchoro wa mwanga kwa kila wimbi) litakusaidia kuyatenganisha kuliko ukubwa wa mwanga. Angalia kilele kimeenda wapi.

Kilele kimebaki palepale lakini kimefupika: uso umepata mitego, yaani sehemu zinazonasa chaji kabla mwanga haujatoka. Hii ndiyo hali ya kawaida baada ya kubadilisha ligandi. Thioli (ligandi zinazoshika kwa salfa) zinapong'oa asidi ya oleiki, huacha sehemu za uso zikiwa wazi, na baadhi ya thioli zenyewe hupora chaji kutoka kwenye nukta kabla haijatoa mwanga. Nukta za selenidi ya kadimiamu zisizo na ganda huumia zaidi. Ganda la sulfidi ya zinki ndilo linalotenga kiini na vurugu za nje, na likiwa jembamba mno, au lina nyufa, kubadilisha ligandi kutalifichua. Kabla ya kutafuta ligandi nyingine, uliza ganda lina unene gani. Nukta za indiamu fosfidi hazina msamaha kwenye jambo hili: bila ganda zuri, majini hazina mwanga wa kutegemewa.

Kilele kimesogea upande wa bluu huku mwanga ukipungua siku hadi siku: kiini kinaliwa. Oksijeni na mwanga vinakikwangua, kinapungua ukubwa, na nukta ndogo hutoa wimbi fupi. Weka chupa gizani, fukuza oksijeni, na ukubali kwamba kundi hilo la chembe halitarudi lilivyokuwa. Kumbuka pia kwamba kinachokwanguliwa hakipotei. Ni ayoni za kadimiamu zinazoelea kwenye bafa yako, na tutazikuta tena kwenye seli zinazokufa.

Kilele kimesogea upande wa wekundu na kutanuka: chembe zimekaribiana. Nukta ndogo humpa nishati jirani yake mkubwa, na mkubwa ndiye anayewaka. Hilo ni tatizo la mshikamano, kwa hiyo tafuta dawa yake kwenye sehemu inayofuata.

Mwanga umezimika ghafla mara baada ya kuongeza kitu: chunguza metali. Ayoni za shaba huzima nukta za kadimiamu hata zikiwa kidogo sana, na zebaki na fedha ni vivyo hivyo. EDTA, ambayo watu huitia kwenye bafa kwa mazoea, hushika zinki na kadimiamu na kwa muda inaweza kulichuna ganda.

Kama uharibifu unatokana na kubadilisha ligandi, njia mbadala ni kutozing'oa kabisa. Unaacha minyororo ya oleiki ilipo, unaifunika kwa polima yenye upande unaopenda mafuta na upande unaopenda maji, au kwa fosfolipidi (mafuta ya aina ya utando wa seli) zenye PEG, polima ndefu inayopenda maji. Mwaka 2002 nukta zilizofungwa kwa fosfolipidi ziliingizwa kwenye viinitete vya chura Xenopus na zikaendelea kuwaka huku kiinitete kikikua. Uso wa nukta haujaguswa, kwa hiyo mwanga hubaki karibu wote. Gharama yake ni ukubwa. Nukta yenye kiini cha nanomita 5 hutoka na kipenyo cha nanomita 15 hadi 30 majini, na mara nyingi hubaki mifuko mitupu ya polima iliyochanganyika na iliyobeba nukta. Mifuko hiyo mitupu haionekani kwenye spektra, lakini itakunywa kingamwili zako zote (protini zinazoipeleka chembe kwenye shabaha yake) utakapofika kuziunganisha na chembe. Iondoe kwa sentrifuji ya kasi kubwa: zenye nukta huzama, tupu huelea.

Silika ni njia ya tatu. Ni imara, lakini mwanga wa nukta hushuka mara nyingi wakati wa kuzivisha silika hiyo, na silika nyembamba huyeyuka polepole kwenye maji ya bafa. Mimi huiona inafaa zaidi kwa chembe zenye madini ya lanthanidi, metali kama iterbiamu na erbiamu.

Chembe za lanthanidi: tatizo lake ni maji yenyewe

Chembe za sodiamu-itriamu floridi zenye iterbiamu na erbiamu humulikwa kwa nanomita 980 zisizoonekana na kutoa kijani karibu na 540 na nyekundu karibu na 655. Sifa yao ni kwamba hakuna tishu inayowaka kwa namna hiyo, hivyo mandhari ya nyuma huwa giza. Lakini vikundi vya haidroksili vya maji hutetemeka kwa nishati inayofaa kabisa kunyonya nishati iliyohifadhiwa kwenye chembe. Erbiamu na iterbiamu zilizo karibu na uso hupokonywa kabla hazijawaka. Chembe ikiwa ndogo, sehemu kubwa ya ayoni zake ziko karibu na uso, na hasara ni kubwa zaidi.

Dawa ni kuvisha ganda tupu la floridi ileile lisilo na iterbiamu wala erbiamu. Bila hilo, usilaumu polima wala ligandi.

Mwanga ukishuka taratibu kwa saa au siku, hasa kwenye sampuli hafifu, shuku kuyeyuka. Floridi hizi huyeyuka kidogo majini, na chembe zikiwa chache kwenye maji mengi, kidogo hicho ni sehemu kubwa. Bafa ya fosfeti huzidisha mambo, kwa kuwa fosfeti hushika lanthanidi kwa nguvu na kuziondoa kwenye uso. Mtu anaosha chembe zake kwa PBS, yaani bafa ya chumvi yenye fosfeti, kila mara akidhani anazisafisha, kumbe anazila. Jaribu bafa isiyo na fosfeti, na hifadhi chembe zikiwa nzito, uzipunguze ukali siku ya kutumia tu.

Joto nalo. Maji hufyonza nanomita 980, kwa hiyo leza inayowasha chembe inapasha pia seli. Pima joto la kimiminiko leza ikiwa imewaka bila chembe. Likipanda, punguza nguvu au muda wa kumulika, au tumia chembe zenye neodimiamu zinazomulikwa kwa 808, wimbi ambalo maji hulifyonza kwa kiasi kidogo kuliko 980.

Kimiminiko kimefifia, kina utusitusi, au kimeweka mashapo

Uliza kwanza ilitokea lini.

Mara tu baada ya kutia bafa: ni chumvi au asidi. Ligandi nyingi fupi, kama asidi ya merkaptopropioniki, hushikilia chembe mbali kwa chaji hasi peke yake. Kwenye maji safi chaji hiyo hufika mbali. Kwenye chumvi ya kiwango cha mwili, takriban milimola 150, nguvu yake hukatika chini ya nanomita 1, na chembe hugusana. Asidi hufanya kazi hiyohiyo kwa njia nyingine: pH ikishuka chini ya 5 hivi, vikundi vya kaboksili hupoteza chaji. Kalisiamu na magnesiamu huvifunga viwili viwili na kushonea chembe moja kwa nyingine, jambo linaloeleza kwa nini sampuli inayovumilia PBS ya kawaida hushindwa kwenye kimiminiko cha kulishia seli. Usitafute pH ya kupona. Badilisha namna ya kuzitenganisha: PEG, au ligandi zenye chaji chanya na hasi kwa pamoja, hazitegemei msukumano wa chaji kiasi hicho.

Baada ya siku au wiki: ligandi zimeondoka. Thioli yenye mkono mmoja hushika na kuachia, na ikiachia hukutana na mwenzake na kuungana kuwa disulfidi, hairudi tena. Mwanga na hewa huharakisha. Asidi ya dihaidrolipoiki ina thioli mbili, na kuziachisha zote kwa pamoja ni vigumu, ndiyo maana chembe zake hudumu muda mrefu zaidi. Kusafisha kupita kiasi husababisha jambo lilelile: kila mara unapotoa ligandi huru zilizoelea, zilizo usoni huachia ili kujaza pengo.

Baada ya kutoka kwenye friza: hiyo ni barafu. Ikiunda, husukuma chembe zote kwenye kijisehemu cha maji kilichobaki, zinabanwa pamoja na hazitengani tena. Weka kwenye friji, nyuzijoto 4, gizani. Baada ya sentrifuji kinachotokea kinafanana na hicho: mashapo yaliyokauka au kubanwa sana hayafumuki. Punguza kasi na ongeza muda.

Tahadhari kuhusu mashine ya kupima ukubwa kwa mtawanyo wa mwanga. Nguvu ya mtawanyo hukua kwa kipeo cha sita cha kipenyo, hivyo chembe ya nanomita 100 hutawanya mwanga mara milioni moja kuliko ya 10. Donge chache, au vumbi, hutosha kufanya sampuli nzuri ionekane imeharibika. Chuja, pima tena, na tazama mgawanyo kwa idadi pia, ingawa nao una dosari zake. Jeli ya agarosi, ambamo umeme huvuta chembe, ni shahidi mzuri na rahisi: bendi nyembamba inayosogea ni dalili njema, na mwanga uliokwama kwenye kisima ni madonge.

Kingamwili imeunganishwa, lakini haishiki

EDC, kemikali ya kuunganisha protini na chembe, ndiyo inayotumiwa na wengi na ndiyo inayoharibu sana. Huuma kaboksili na kuiandaa kwa amini ya protini. Ikiiuma, chaji hasi iliyokuwa ikitenganisha chembe inatoweka kwa muda, na chembe zinashikana. Tia kidogo kidogo. EDC iliyokaa imefunguliwa hunyonya unyevu na kufa. Tris na glisini zina amini, kwa hiyo zikiwa kwenye bafa zitaunganishwa badala ya kingamwili.

Ikiwa jeli inaonyesha bendi imehama, ishara kwamba muunganiko umefanyika, lakini seli hazina alama, basi kingamwili huru zilizobaki huenda ndizo zimekalia shabaha zote. Zitenganishe kwa safu ya kuchuja kwa ukubwa. Au kingamwili zimeshikwa vichwa chini, sehemu ya kushikia imezama kwenye chembe. Kwa protini ndogo, mkia wa histidini hushika moja kwa moja zinki iliyo kwenye ganda na huelekeza protini upande mmoja. Pale unapoweza kuutumia, EDC iache kabatini. Wanaotumia biotini na streptavidini, jozi inayoshikana kwa nguvu, waangalie kimiminiko cha seli: baadhi yake kina biotini huru.

Kwenye hadubini

Kila mahali pamewaka, hata kwenye kioo. Chembe zinashika bila kuchagua, hasa zenye chaji chanya nyingi. Tia albumini, ongeza PEG, punguza kiasi cha chembe. Jaribio la kulinganishia linalohitajika ni chembe zilezile bila kingamwili, na watu hulikwepa kwa kuwa huharibu picha nzuri.

Vidoadoa vinavyong'aa kuzunguka kiini cha seli. Chembe zimemezwa na kufungiwa kwenye endosomu, vifuko vya seli vya kumezea. Hilo ndilo jambo la kawaida kwa chembe yoyote iliyoachwa kwenye kimiminiko cha seli hai. Kama unataka alama ndani ya saitoplazimu, kuongeza muda hakusaidii. Sindano ndogo ya moja kwa moja inafanya kazi kwa seli chache. Mshtuko wa umeme huingiza chembe kwa nyingi lakini mara nyingi huziacha zimeshikana.

Hakuna mwanga kabisa. Angalia vichujio kabla ya kemia. Nukta za kwanta hufyonza zaidi kadiri wimbi linavyokuwa fupi, na seti ya kichujio iliyotengenezwa kwa rangi nyekundu ya kawaida humulika karibu sana na kilele, mahali nukta hufyonza kidogo. Mulika kwa bluu au zambarau, pokea nyekundu. Gundi fulani za kufunikia slaidi nazo huzima nukta ambazo zilikuwa zikiwaka kwenye bafa dakika chache zilizopita. Kwa chembe za lanthanidi, mwanga hudumu mamia ya maikrosekunde, na hadubini inayochanganua kwa kasi huuchora kama mkia upande mmoja wa kila doa. Punguza kasi.

Seli ambazo hazijapewa chembe zinawaka karibu sawa. Huo ni mwanga wa asili wa seli, hasa kwa kumulika bluu na kupokea kijani. Tumia chembe za mwanga mwekundu. Kama una kipokezi cha kuhesabu muda, subiri nanosekunde kadhaa kabla ya kupokea: mwanga wa seli hufa mapema, wa nukta za kwanta huendelea.

Seli zinakufa

Usiandike kwamba chembe ni sumu kabla ya kupima vitu vinne peke yake: kimiminiko kilichobaki baada ya kuondoa chembe, ligandi au polima bila chembe, mwanga wa kumulikia bila chembe, na endotoksini (sumu ya bakteria). Mara nyingi muuaji ni ligandi huru, au mabaki ya kimiminiko kilichotumika kupikia.

Kadimiamu ni tuhuma ya kweli. Utafiti wa 2004 kwa seli za ini ulionyesha kwamba nukta za selenidi ya kadimiamu zilizoachwa hewani au chini ya miale ya urujuanimno huachia kadimiamu na kuua seli, na kwamba ganda la sulfidi ya zinki hupunguza hali hiyo bila kuifuta. Kwa hiyo sampuli ileile inaweza kuwa salama mwezi huu na sumu mwezi ujao. Rudi kwenye spektra: kilele kilichosogea bluu ni onyo.

Kipimo cha MTT, kinachotumia rangi kuonyesha kama seli ziko hai, chenyewe hakiaminiki hapa. Baadhi ya nukta za kaboni huibadilisha rangi yake bila seli, na nukta nyingi hufyonza mwanga kwenye wimbi linalosomwa. Fanya jaribio lile na chembe pekee, bila seli. Likitoa rangi, tafuta kipimo kingine.

Kwenye mnyama

Chembe zote zimeenda kwenye ini na wengu. Hiyo haimaanishi kingamwili imeshindwa. Damu imezivisha protini zake na seli za kusafisha zimezinyakua. PEG huchelewesha, haizuii. Figo hupitisha chembe ndogo tu: utafiti wa 2007 kwa nukta zilizotiwa panya uliweka mpaka karibu na nanomita 5.5 za kipenyo majini, ligandi zikiwemo, na ligandi zenye chaji zote mbili ndizo zilizofika udogo huo bila kushika protini za damu.

Ukiona mwanga wa ini umefifia baada ya wiki, usiseme chembe zimetoka mwilini. Huenda zimezimwa tu na asidi ya ndani ya seli. Yeyusha kipande cha tishu na upime kadimiamu, indiamu au itriamu yenyewe kwa spektrometa ya metali, pamoja na mkojo na kinyesi.